Sigara, tumbako ya mdomoni, na jibu baya nililomupa baba mudogo



Mwaka jana, siku moja ya Mungu kisha misa, nilienda kusalimia baba mudogo kule Kadutu. Yeye ni fundi wa magari, ana miaka 52, na anavuta sigara tangu alipokuwa na miaka 17. Nilimukuta barazani akikohoa kile kikohozi chake tunachokijua wote katika familia. Watoto wake wanakisikia kutoka njiani na kusema: "Papa amefika."

Juu ya meza kulikuwa kikopo kidogo cha mviringo, sawa vile vikopo vya mafuta ya kujipakaa. Binamu yangu anayeishi Göteborg, kule Uswidi, alikituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Ndani mulikuwa vifuko vidogo vyeupe vyenye harufu ya tumbako na chumvi. Vinaitwa snus. Unaweka kimoja chini ya mdomo wa juu, unakiacha pale karibu nusu saa. Hakuna moshi, hakuna kutema mate. Binamu alikuwa ameandika kwenye WhatsApp kwamba kule wanaume wengi waliacha sigara kwa njia hiyo.

"Docta," baba mudogo akaniambia. (Mimi si dokta, nilimaliza afya ya umma. Lakini munajua, ukisoma tu kitu kinachogusa lopitali, nyumbani wewe njo docta.) "Wewe ulisoma. Hii ni dawa ya kuacha sigara, ao ni sumu ingine?"

Nilijibu bila kufikiri: "Baba, yote ni tumbako. Yote inaua sawasawa."

Akanitazama, akafunga kikopo, akatosha sigara mfukoni. "Basi kama yote inaua sawasawa, acha nibakie na ile nimezoea."

Nilirudi nyumbani na haya. Nilikuwa nimesema neno ambalo linaonekana kama la kulinda afya, na neno hilo hilo limemurudisha kwenye sigara. Toka siku ile nilianza kusoma kile madokta wenyewe wanasema juu ya jambo hili. Nilikuta kwamba hawasemi kitu kimoja, tena wanabishana kwa nguvu. Lakini nilikuta pia kwamba ubishi wao una maana, na mtu akiuelewa anaweza kumujibu mzazi wake vizuri kuliko mimi nilivyojibu. Nawaandikia juu ya hiyo.

1. Nikotini inafunga, moshi unaua

Tuanze na jambo ambalo karibu madokta wote wanakubaliana. Mwaka 1976, dokta wa magonjwa ya akili wa Uingereza, Michael Russell, aliandika katika jarida la madokta wa kule kwamba watu wanavuta sigara kwa ajili ya nikotini, lakini wanakufa kwa sababu ya lami ya moshi. Mpaka leo mawazo hayo ndiyo msingi wa ubishi wote.

Nikotini ndiyo inafunga mtu. Ukivuta sigara, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo unazoea kulipwa haraka namna hiyo. Lakini jani likichomwa, moshi wake una kemikali zaidi ya 7.000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta kanseri. Moshi ule una pia ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Inakamata damu na kuiondolea oksijeni, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi.

Ukubwa wa hatari hiyo tunaujua kwa sehemu kutoka kwa madokta wenyewe. Kuanzia mwaka 1951, Richard Doll na wenzake walifuata madokta wanaume wa Uingereza zaidi ya 34.000 kwa muda wa miaka 50, kuona nani anavuta, nani ameacha, nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba wavutaji walikufa karibu miaka 10 mbele ya wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alirudishiwa karibu miaka yote ile. Aliyeacha akiwa na 40 alipata karibu 9, akiwa na 50 karibu 6, akiwa na 60 karibu 3.

Baba mudogo ana 52. Niliposoma ile hesabu, sikuona namba tena. Niliona harusi za watoto wake.

Hiyo haisemi nikotini ni malaika. Inapandisha mapigo ya moyo na presha, inaumiza mtoto tumboni, na inafanya mtu kuwa mutumwa. Lakini kati yake na moshi, moshi njo mwuaji mkubwa. Kwa hiyo swali linazaliwa lenyewe: kama mtu hawezi kuacha nikotini leo, je, apewe nikotini isiyo na moshi?

2. Madokta wanaosema "ndiyo", wanatazama Uswidi

Uswidi ndiyo nchi ambayo kila mtu anaitaja. Jumuiya ya Ulaya ilikataza biashara ya snus mwaka 1992. Uswidi ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 1995, ilipewa ruhusa ya pekee ya kuendelea kuiuza ndani ya nchi yake, juu wanaume wa kule walikuwa wameizoea kwa vizazi.

Kilichotokea ni hiki: wanaume wengi wa Uswidi walitoka kwenye sigara na kwenda kwenye snus. Leo wavutaji wa kila siku kule ni kati ya wachache kabisa Ulaya. Mwaka 2022 walikuwa karibu 6 kwa kila watu wazima 100. Na wanaume wa Uswidi ni kati ya wale wanaokufa kidogo zaidi kwa kanseri ya mapafu katika Ulaya nzima, hata kama wengi bado wanatumia tumbako. Dokta anayetaka kupunguza vifo hawezi kupita hapo akifunga macho.

Ndiyo maana mwaka 2004 kundi la wataalamu walioulizwa maoni yao walikadiria kwamba tumbako ya namna hiyo ina hatari pungufu angalau kwa 90 kwa 100 ukiilinganisha na sigara. Chuo cha Kifalme cha Madokta cha London, ambacho tangu 1962 kilikuwa kimeonya dunia juu ya sigara, mwaka 2007 kiliandika kwamba asiyeweza kuacha nikotini asaidiwe kuipata kwa njia yenye hatari ndogo. Na mwaka 2019 Marekani iliruhusu aina fulani za snus ya Uswidi ziuzwe na maneno yanayosema kwamba kuitumia mahali pa sigara kunapunguza hatari ya kanseri ya mapafu, ya mdomo, magonjwa ya moyo na mengine.

Muangalie neno "mahali pa". Hapo tutarudi.

3. Lakini tumbako ya mdomoni si kitu kimoja

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa upande mwingine. Snus ya Uswidi inasagwa, inachanganywa na maji na chumvi, halafu inapikwa kwa mvuke. Ule moto unaua vijidudu ambavyo, jani likivundishwa ao likiwekwa siku nyingi, vinazalisha kemikali ziitwazo nitrosamini. Hizo nitrosamini ndizo zinazoogopwa zaidi kwa kanseri ndani ya tumbako isiyo na moshi. Kisha kikopo kinatunzwa kwenye baridi. Kwa hiyo zinabaki kidogo.

Sasa tuende Sudani. Kule kuna tumbako inaitwa toombak. Inatoka kwenye jani kali, lenye nikotini nyingi kuliko lile la sigara za kawaida. Jani linakaushwa, linavundishwa, linasagwa, halafu linachanganywa na magadi ili nikotini ipenye haraka. Watu wanaviringisha kidonge na kukiweka ndani ya mdomo. Vipimo vilionyesha kwamba nitrosamini zake ni kati ya nyingi kabisa zilizowahi kuonekana katika tumbako yoyote duniani, na madokta wa Sudani waliona kanseri za mdomo pale pale mahali kidonge kinapokaa. India pia, fasi watu wanatafuna tumbako pamoja na chokaa na popoo, kanseri ya mdomo ni kati ya kanseri za kwanza kwa wanaume.

Shirika la kimataifa la utafiti wa kanseri, lililo chini ya OMS, lilitamka mwaka 2007 kwamba tumbako isiyo na moshi inaleta kanseri kwa binadamu: ya mdomo na ya kongosho. Dokta wa Khartoum ao wa Mumbai akisikia mwenzake wa Stockholm anasifu tumbako ya mdomoni, anafikiri juu ya wagonjwa aliowakata taya. Na dokta wa Stockholm hasemi uongo. Kila mmoja anazungumza juu ya kitu kingine chenye jina moja.

Na sisi huku? Nilienda kwenye soko, kwa mama mmoja anayeuza tumbako ya kunusa na ya kutafuna. Nilimusalimia, nikamuuliza ginsi inatengenezwa. Alinieleza bila kuficha: jani la mashamba, linakauka juu ya jiko, linasagwa, linaongezwa majivu. "Ikikaa mingi njo inakuwa kali," akasema, na alikuwa anaisifu. Hakuna kipimo, hakuna baridi, hakuna anayejua nitrosamini ni ngapi ndani ya ile pakiti ya nailoni. Simulaumu mama, anatafuta chakula cha watoto. Lakini mtu anayesoma habari za Uswidi kwenye simu, halafu anashuka kununua ile ya soko, amenunua kitu kingine kabisa.

4. Madokta wanaosema "hapana" wanaogopa nini?

Sababu yao ya kwanza ni ile ya neno "mahali pa". Wengi hawaachi sigara, wanaongeza tu. Asubuhi sigara, kazini kifuko, jioni sigara tena. Mtu wa namna hiyo bado anakula moshi kila siku, na mwili wake haupati faida anayoiwaza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2007 uliwafuata wanaume waliobadilisha sigara kwa tumbako ya mdomoni na wale walioacha tumbako yote. Waliobadilisha walikufa zaidi kwa kanseri ya mapafu, magonjwa ya moyo na ya mishipa ya ubongo kuliko walioacha kabisa. Kwa hiyo kubadilisha si sawa na kuacha.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Kampuni za sigara zilishaleta vichujio, halafu sigara zilizoitwa "nyepesi", na watu waliambiwa, ao waliachwa waamini, kwamba hizo haziumizi sana. Wavutaji walivuta kwa nguvu zaidi, wakapata lami ile ile. Madokta wengi wa wakati ule walidanganyika, na wanafunzi wao hawataki kudanganywa mara ya pili. Hasa wanapoona mwaka 2022 kampuni kubwa ya sigara, Philip Morris International, ikinunua Swedish Match, kampuni inayotengeneza snus. Anayekuuzia ugonjwa anakuuzia pia mlango wa kutokea. Hata Brad Rodu, dokta wa Marekani aliyeshauri wavutaji kubadilisha tangu miaka ya 1990, wapinzani wake wanamukumbusha kila mara kwamba utafiti wake chuoni ulipata pesa za kampuni za tumbako. Hiyo haigeuzi hesabu zake kuwa uongo, lakini inafanya msomaji azisome mara mbili.

Sababu ya tatu ni vijana. Mvutaji wa miaka 35 anaweza kupata faida akibadilisha kabisa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta hapati faida yoyote. Anapata utumwa tu. Vile vifuko vipya vya nikotini vyenye ladha ya matunda havikuwekewa ladha kwa ajili ya baba mudogo.

Tena wanasema Uswidi haikushinda kwa snus peke yake. Kule kulikuwa kodi juu ya sigara, mafundisho, na tangu 2005 marufuku ya kuvuta ndani ya mikahawa. Wanawake wa kule pia walipunguza sigara sana, na wao hawakutumia snus kama wanaume. Na snus yenyewe ina deni lake: wanawake wenye mimba wanaoitumia wako katika hatari zaidi ya kuzaa mbele ya wakati ao kupoteza mtoto, na mgonjwa aliyeshapata shambulio la moyo anaambiwa aiache.

5. Mahali wanapokutana

Ukiweka ubishi pembeni, utaona madokta wa pande zote wanamupa mvutaji shauri moja la kwanza: tumia njia zilizopimwa kama dawa. Mwaka 2024 OMS ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbako. Ulitaja nikotini ya matibabu (chingamu, viraka vya ngozi na kadhalika), vareniklini, bupropioni, na sitisini, ambayo inatoka kwenye mmea na imetumiwa Ulaya ya mashariki tangu miaka ya 1960. Na pamoja na dawa, ushauri wa mtu. Tumbako ya mdomoni haimo katika orodha ile.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayeacha kwa nguvu zake peke yake, kati ya 100 wanaojaribu, wachache tu, kama 3 mpaka 5, wako bado nje ya sigara kisha mwaka. Nikotini ya matibabu inaongeza nafasi ya kufaulu kwa nusu ao zaidi kidogo. Vareniklini inaongeza mara mbili na zaidi.

Kuna jambo lililonifurahisha hapa. Chingamu ya nikotini ilizaliwa Uswidi. Mwaka 1967 dokta Claes Lundgren aliona kwamba mabaharia wa nyambizi, ambao hawawezi kuvuta chini ya bahari, walikuwa wanageukia tumbako ya mdomoni. Akamuandikia rafiki yake Ove Fernö, aliyekuwa anafanya kazi katika kampuni ya dawa: kama mdomo unaweza kupokea nikotini, tutengeneze dawa yake bila tumbako. Kwa hiyo lile wazo zuri lililokuwa ndani ya tumbako ya mdomoni lilishatolewa, likasafishwa na kuwekwa farmasi.

Shida yetu ni farmasi. Nilizunguka farmasi saba, kutoka Kadutu mpaka Nyawera. Sita hazikujua ninachozungumzia. Ya saba iliniambia inaweza kuagiza kutoka Kigali, kwa bei ya kukatisha tamaa. Lakini sigara, moja moja, unaipata kila hatua kumi, hata saa nne usiku. Mimi naona hapo ndipo pangetuuma kama wasomi, zaidi ya ubishi wa Stockholm na Khartoum. Nikotini ya matibabu iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu mwaka 2009.

6. Jibu la pili

Nilirudi kwa baba mudogo kisha wiki tatu. Nilianza kwa kuomba msamaha. "Baba, siku ile nilikujibu vibaya. Si yote sawasawa." Akaacha kazi yake, akakaa.

Nilimwambia maneno manne. Sigara ndiyo mbaya kuliko yote, juu ya moshi. Hiki kikopo cha Uswidi ni kibaya kidogo kuliko sigara kama kinachukua mahali pa zote, lakini si dawa, na ukikitumia pamoja na sigara hupati kitu. Tumbako ya soko si hiki kikopo, usiiguse. Na kuacha yote kabisa ndiyo bora.

Tulienda pamoja kwa dokta mmoja. Presha yake ilikuwa juu. Dokta alishika kikopo, akakigeuza, akasema: "Hiki sitakuandikia, mzee. Sitasema pia kwamba ni sawa na pakiti yako ya kila siku, juu nitakuwa nakudanganya. Lakini moyo wako hautaki nikotini ya kudumu. Tupange tarehe ya kuacha sigara, na tarehe ya kuacha nikotini yote." Nilitamani ningekuwa nimejibu vile tangu mwanzo.

Nilimuandikia binamu: yaya, usitume tena vikopo, tuma chingamu za farmasi, kule zinauzwa bila karatasi ya dokta. Akatuma za miezi mitatu. Kila jioni saa moja nilikuwa namupigia baba mudogo simu, dakika mbili tu. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa wateja. Hamu ikimukamata alikuwa anakunywa maji na kuzunguka gari moja polepole, juu hamu ile inapita kisha dakika chache kama hukuipa kitu.

Mwezi wa tatu alianguka. Ilikuwa kwenye kilio cha rafiki yake. Wanaume wamekaa kwenye moto usiku, mtu akamupa moja, akavuta mbili. Kesho yake aliniambia kila kitu imekwisha. Nilimwambia hapana, wengi wanaoacha walianguka mara nyingi mbele ya kufaulu. Hesabu inaanza leo. Akaanza tena. Sasa ni miezi mitano bila sigara, na chingamu zimekwisha. Watoto wake hawajui tena kama papa amefika mpaka agonge mlango.

Bandugu, wengi wetu tutaulizwa swali hili na mzazi, mjomba ao mwenzetu wa chumba. Ukisema "yote inaua sawasawa," utamuacha na sigara yake. Ukisema "tumbako ya mdomoni haina neno," utamutuma sokoni kununua kanseri ingine. Muulize kwanza anavuta ngapi na kama anataka kuacha. Mwambie aache moshi, ao bora aache yote. Mupeleke kwa dokta, na umupigie simu jioni. Na sisi tulio katika chama, tuanze kuuliza farmasi zetu na wakubwa wa afya wa jimbo: kwa nini sigara iko kila kona, na dawa ya kuiacha haiko hata moja?